Balozi na Mlima wa Pili

Mume wangu alianza na siasa, akaingia uchungaji huko Bunda, akamalizia ubalozini. Siku hizi tumestaafu, tunaishi Musoma pale Iringo, na nchi pekee iliyobaki kupatanishwa ni ya ndugu zangu.

Kaka zangu wawili wa Butiama walikuwa hawasemeshani tangu ng'ombe wa mkubwa walipovamia pamba ya mdogo. Nyumba zao zinatazamana. Mama yetu, anayeishi katikati yao, aliapa hatakula chakula cha yeyote mpaka wanawe wakae sahani moja. Mzee kama yule alikuwa anajikorogea uji peke yake. Iliniuma sana. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mimi nilichukua mume.

"Niachie," akasema. "Nimepatanisha watu wenye vifaru."

Tukaanzia kwa mkubwa. Ugali wa mtama, sato, maziwa mgando. Balozi alikula mpaka akalegeza mkanda. Tukavuka kwa mdogo. Wifi akaleta mlima mwingine wa ugali na samaki. Mume wangu akanawa, akamega tonge moja, akatabasamu kibalozi.

"Ahsante shemeji, inatosha."

Kaka mdogo akanyanyuka. "Kwa kaka umekula, kwangu unaonja. Basi nishajua uko upande gani." Akatoka nje.

Nilipandwa na hasira. "Wewe! Ulipokuwaga unaomba kura ulikula kila nyumba. Huko ubalozini ndiko wamekufundisha kudonoa kama kuku?"

Akavua koti, akamwita shemeji yake arudi ashuhudie, akala. Tonge linashuka, jasho linapanda. Midomo ilimchezacheza, nikajua anaomba, uchungaji haujamtoka. Nusu ya mlima akasalimu amri.

"Shemeji, nimeshindwa, na kukuachia chakula ni dharau. Mwite kaka yako anisaidie."

Mdogo aliutazama ule ugali. Kisha akaenda mlangoni, akapaza sauti: "Kaka! Njoo, shemeji anatufia huku!"

Mkubwa alikuja mbio, akaona, akacheka mpaka akashika ukuta. Akanawa, akakaa. Mdogo naye akakaa, akamsogezea kaka yake kichwa cha samaki. Machozi yalinitoka pale pale, nikasingizia moshi.

Hatukumsikia mama akiingia na mkongojo wake. Akainama, akachungulia sahani. Ilikuwa tupu.

"Na mimi," akauliza, "mmenibakishia nini?"

Kaka zangu walinyanyuka pamoja, wakagongana mlangoni wakikimbilia jikoni.