Baba Anaingia Bila Hodi

Baba alikuwa hasalimii akirudi kutoka kiwandani. Aliingia uani akisukuma baiskeli, akagonga visigino vya buti zake kwenye jiwe la mlangoni ili vumbi lidondoke, akaiegemeza baiskeli ukutani, akaenda moja kwa moja kwenye beseni la maji ambalo mama alikuwa amelitenga. Mpaka uso uoshwe, hakutoa neno. Mama alisema vumbi la shaba lisipooshwa huingia kwenye maneno. Kama ilikuwa imani au mzaha, sikuwahi kujua. Sisi watoto tulingoja maji yamwagike, ndipo tumkimbilie.

Mwaka aliofariki ndio mwaka niliotafuta mlango wa kazi yangu ya kwanza ya kuchora. Nilikuwa nafanya kazi katika duka la video hapa Likasi. Tulitengeneza video za arusi, za kwaya, za matangazo ya misiba. Kazi yangu mimi ilikuwa kufanya maandishi yacheze na njiwa waruke juu ya vichwa vya maarusi. Lakini nilitaka zaidi ya njiwa. Nilikuwa nimejifundisha kwa masomo niliyoyapakua kwenye simu, nikichora katika kompyuta ya zamani ya duka wateja wakiwa hawapo: mpira unaodunda, gunia la unga linaloinuka kama mtu aliyechoka, mtu anayetembea. Kuchora mtu anayetembea ni kuchora picha moja baada ya nyingine, kila moja ikiiacha iliyotangulia kidogo tu, mpaka picha zipate pumzi.

Kisha nikasikia kwamba studio moja ya Lubumbashi inatafuta mchoraji mmoja wa katuni za watoto. Walitaka bande démo, yaani filamu fupi ya michoro yako bora ikienda, ili wauone mkono wako kabla ya kukuuliza mengine.

Niliitengeneza kwa heshima zote nilizofundishwa. Ilianza na jina langu likichomoza kama jua nyuma ya mabomba ya kiwanda. Likafuata salamu. Kisha shukrani kwa Mungu, kwa padri wa parokia, kwa kwaya ambayo wimbo wake ulisikika chini, kwa mwenye duka, kwa mama, na mwishoni, katika maandishi meupe juu ya rangi nyeusi, kwa baba yangu, ambaye tulikuwa tumemzika miezi michache kabla. Kwetu kila video huanza hivyo. Nani anaingia katika ua wa mtu na kusema haja yake akiwa bado amesimama?

Nikapanda taxi-bus asubuhi. Mkuu wa studio alikuwa mwanamume mtaratibu, miwani ikining'inia kifuani. Alitazama jua langu likichomoza. Alitazama salamu. Alipofika kwa padri akageuza shingo.

"Dessin animé yenyewe, ile katuni, inaanza wapi?"

"Iko inakuya, patron."

Kwaya ikaendelea. Mwenye duka akashukuriwa.

"Hii ni bande démo ao ni misa?"

Msichana aliyekuwa akichora kwenye meza ya pili akacheka, akajifanya anakohoa.

"Ni heshima, patron," nikasema.

"Heshima ulishanipatia pa mulango. Ulisema bonjour, nikaitika. Sasa nionyeshe bantu banatembea."

Hatimaye mtu wangu akatokea, akatembea kutoka upande mmoja wa kioo cha kompyuta hadi wa pili. Mkuu wa studio akavaa miwani. Akamrudisha mwanzo, akamtazama tena, na sauti yake ikawa ya upole, jambo lililoniuma kuliko mzaha.

"Miguu iko bien. Lakini huyu ni nani? Anatoka wapi? Muntu akitembea, anabeba siku yake yote. Huyu habebe kitu."

Nikamtazama mtu wangu akifika ukingoni na kutoweka.

"Place iko moja tu," akasema mkuu wa studio. "Niletee ingine mbele mvua ianze." Kabla ya mvua: nilikuwa na kiangazi kilichobaki tu.

Nilimkuta mama uani akichambua maharage. Nilipomweleza, alitupa changarawe mbali kwa hasira.

"Balikataa salamu? Bale bantu habana heshima."

Lakini nilijua yule bwana alisema kweli, nikakaa mbele ya kompyuta kuzikata shukrani moja moja. Jua likaondoka, padri akaondoka, kwaya ikanyamaza. Nilipofika kwenye mstari wa baba niliusoma mara mbili. Katika filamu nzima, hapo tu ndipo alipokuwa. Nilipoukata, akabaki yule mtu asiyebeba kitu, akitembea katika weupe mtupu, na nikaona aibu kwa ajili yake.

Ndipo nikamkumbuka munungwe.

Munungwe ni mtani wa ukoo. Ukoo wa baba na ukoo wa munungwe huyu, mwanamke anayeuza dagaa sokoni, zimetaniana tangu kabla ya viwanda kuwapo. Kwenye kilio, kama tunavyoita matanga, sisi wafiwa hulia na watani huchekesha. Ni haki yao na ni kazi yao. Wengine wote waliokuja kumlilia baba walisimama mlangoni, wakaita, wakangoja kuitikiwa, wakashika mikono ya wazee. Yeye peke yake aliingia bila hodi. Alikuwa amevaa buti za baba na kofia yake ya kiwandani, akisukuma baiskeli yake. Akagonga visigino kwenye jiwe. Akawapita wazee, katekista na wanawake wa kwaya kana kwamba ua ni mtupu, akaenda kwenye beseni, akaanza kunawa kwa makelele. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama naye alicheka, akajifunika uso kwa kitenge, na chini ya kitenge kile kicheko kikabadilika kikawa kitu kingine.

Mimi siku ile sikucheka wala sikulia. Niliona tu. Bega la kulia lilitangulia kushuka, kisha ndipo kisigino, kwa sababu baiskeli ilimvuta. Baba alitembea kama mtu anayerudisha nyumbani mnyama asiyetaka kurudi.

Nikaanza kuchora mwendo ule. Michoro ya kwanza ilikuwa mibaya, lakini mama alipopita nyuma yangu alisimama.

"Ni nani ule?"

"Ni baba."

"Zima."

"Mama..."

"Zima, mwana. Mutoto haige baba yake. Na kilio ilishaisha, tulifagia nyumba, tulinawa. Muntu alishaenda, weye unamwita tena ju ya kazi?"

Nikamwambia nafasi ni moja tu, na kwamba nimechora watu wengi lakini huyu peke yake ndiye anatoka mahali. Alifunga upya kitenge kiunoni.

"Ile ruhusa haiko yangu," akasema, "na haiko yako. Enda kwa benyewe."

Wenyewe ni watani. Nikaenda sokoni. Munungwe aliniona kwa mbali, akafunika beseni la dagaa kwa mikono yote miwili kama aliyeona wezi.

"Fungeni bintu! Bezi banakuya! Munamaliza bukari ya mahindi kwenu, sasa munafuata dagaa yangu?"

"Dagaa yako inanuka, tantine. Nilifuata weye."

"Aa, huyu ina mdomo sawa baba yake." Akawaangalia jirani zake, ambao walikuwa wameshaanza kucheka. "Sema, mutoto wa bantu bachafu. Unataka nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza vibaya, nikaanza na studio, nikarudi kwenye kilio, nikamaliza na bega la kulia.

"Unataka kupeleka baba yako Lubumbashi? Akiwa muzima alikataa hata kufika Kamatanda hapa karibu, eti baiskeli itachoka!"

Soko lilicheka. Yeye hakucheka. Akaondoa mikono kwenye beseni, akaifuta kwa kitenge.

"Unasikia. Machozi ni yenu. Kicheko ni yetu. Ukichora ule muntu analala, analia, anaumwa, njo unaiba. Lakini akiwa anatembea sawa vile nilimutembeza minye mwenyewe, ni yangu, na ninakupatia. Unaniletea jogoo. Haiko ile yenu ya kukonda inaishi na bibi ya jirani."

Alikuja nyumbani Jumapili, baada ya misa, bila hodi. Mama aliingia ndani, akatoa buti za baba chini ya kitanda, akaziweka mbele ya munungwe. Nilinyanyua simu.

"Usinipige photo," munungwe akasema. "Angalia."

Akatembea. Mara ya kwanza alitia chumvi, tumbo mbele, mdomo umekunjwa, na wadogo zangu wakacheka. Akarudi mlangoni, akaja tena, na tena, akipunguza mzaha kidogo kila mara, kama mtu anayevua nguo za juu. Mwisho alikuja bila mzaha kabisa. Hata kuku walimpisha. Nilimwangalia mpaka macho yakauma. Aliporejesha buti kwa mama walizishika wote wawili kwa muda, kila mmoja upande wake.

Nilichora kiangazi chote kilichobaki. Vumbi liliingia kwenye vitufe vya kompyuta, nikalifuta kwa brashi, likarudi. Sikuchora uso. Nilichora ua, jiwe, beseni, baiskeli, na mtu aliyebeba siku yake yote. Mwendo huo niliuweka mwanzo kabisa wa bande démo, kabla hata ya jina langu.

Kabla ya kwenda nilimwita mama atazame. Alivuta kigoda. Kwenye kioo mtu akaingia uani, akagonga visigino, akaegemeza baiskeli. Mama akainuka ghafla, akashika beseni lililokuwa karibu na mlango, akalipeleka kuelekea kwenye pipa la maji. Hakufika. Alisimama katikati ya ua, beseni limemwegemea kiunoni, akinipa mgongo.

"Mama, niikate?"

Hakugeuka.

"Muache aende," akasema.

Mawingu ya kwanza yalikuwa yameshajikusanya nilipofika Lubumbashi. Nilisema bonjour mlangoni, nikaitikiwa, nikaketi. Mkuu wa studio alifungua filamu akiwa bado anaongea na mtu wa meza ya pili. Sentensi yake haikuisha. Baba alivuka ua wetu mbele yake, bega likatangulia, kisigino kikafuata, akainama kwenye beseni. Yaliyobaki, mpira na gunia na mengine, aliyatazama kwa adabu. Kisha akarudi mwanzo.

Nilirudi Likasi jioni na kazi. Ningeanza juma lililofuata, kwa kuchora mbuzi wa hadithi ya watoto. Mama alipiga kigelegele kifupi, akakikata, akauliza kama nimekula, akauliza nitalala kwa nani huko, akauliza kama wamenikubali kweli au wamesema tu. Nilijibu yote. Jogoo alikuwa amefungwa mguu pembeni. Mama mwenyewe alikuwa amekwenda kumtafuta, mnene, wa kumpelekea munungwe.

Kisha akakaa, akalitazama jiwe la mlangoni.

"Na yeye, baba yako? Balimusalimia?"

Nilifikiri vizuri kabla ya kujibu, kwa sababu sikutaka kumdanganya.

"Alipomaliza kunawa, Mama, patron alitoa miwani. Akamwinamishia kichwa."

"Mbele anawe ao kisha?"

"Kisha."

"Voilà, njo vile," mama akasema, akaenda kumfungua jogoo anywe maji.