Muuza Miwani ya Theluji

Muuza miwani ya theluji wa kijiji kile cha Tirol, milimani Austria, husifu kila lenzi kwa sauti ya padri anayebariki maji. Huipulizia pumzi, huifuta kwa ncha ya shati, kisha humvalisha mteja na kumgeuza atazame kwenye kioo cha ukutani, kamwe si dirishani penye mlima. "Nyeusi hii imeoana na koti lako, bwana! Hata jua litakuonea wivu." Jumamosi Notburga alimsikiliza akiwa kwenye foleni. Mumewe alitumbukia gengeni mlimani akafa Januari, siku ya ukungu, amevaa nyeusi kama hiyo, aliyoinunua hapohapo. Kesho yake binti yao angepanda kuteleza kwenye theluji, na redio ilikuwa imetangaza mawingu. Zamu yake ilipofika, alisema anamtafutia binti yake miwani.

"Mungu akusalimu, mama. Kwa binti ninayo hii ya fedha, inavyong'aa..."

"Wewe ukipanda kesho, utavaa ipi?"

Vidole vya muuzaji vikaacha kufuta. Akainama, akatoa chini ya meza boksi lenye vumbi, ndani yake miwani ya njano. "Hii haimpendezi mtu," alinong'ona, akiwachungulia wateja wengine. "Lakini hata kwenye mawingu, matuta ya theluji atayaona."

"Nifungie hiyo," alisema Notburga. "Afanane na bundi, mradi arudi nyumbani."