Birika la vizibo

Kijijini kwetu Kishanda, miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, mwenye duka mmoja alianza kutugawia kizibo cha soda kila tuliponunua kipande cha sabuni. Alikitoboa kwa msumari ili tusimletee vya kuokota. Ukijaza kopo la maziwa, unachukua birika la chai lililoning'inia juu ya kichwa chake.

Nililitaka birika lile. Mama yangu mzazi alikuwa anakuja kunitembelea mara ya kwanza tangu niolewe, na mimi chai nilichemshia kwenye sufuria ya ndizi. Chai yenye harufu ya ndizi ningempaje mama?

Wifi yangu, jirani yangu pia, alinicheka.

"Unanunua vizibo, wifi. Sabuni yake anaikata nyembamba kama jani."

"Maneno tu hayo. Twende mtoni."

Tukaenda na mashuka ya kulingana, yeye na kipande cha sabuni cha duka la ng'ambo ya barabara, mimi na changu. Bei ni ileile. Changu kiliyeyuka shuka la pili halijatakata. Yeye alimaliza yote, akafua na kanga, kisha akajisugua miguu taratibu, makusudi, nimwone.

"Haya, mama vizibo! Birika umeshalilipia, na bado hunalo."

Kweli tupu. Mimi sibishani na sabuni. Lakini siku zile hela ya kahawa ilikuwa ya mwanamume. Mke alipewa ya chumvi na sabuni tu. Nikamuuliza:

"Sabuni yako inakaa sana. Hela unayookoa iko wapi?"

"Anayo mume wangu."

"Kaifanyia nini?"

Akanitazama. "Si unajua rubisi inauzwa wapi?"

"Wangu alipeleka vizibo vyangu hukohuko kununulia pombe. Wakamfukuza."

Wifi alicheka mpaka shuka likamponyoka likaenda na maji. Tulilikimbiza sote wawili.

Wiki iliyofuata alinunua sabuni kwa mwenye vizibo, akaja kumwaga vizibo vyake koponi mwangu. Kopo likajaa.

"Na mimi nitaliazima," akasema.

"Utaliazima. Na utalirudisha limeoshwa."

Mama alifika, akanywa, akalitazama birika.

"Mwanangu, umeazima wapi?"

"Langu, mama."

Akafunua kifuniko, akachungulia ndani, akakirudisha.

"Basi mimina tena."