Kuku Walikula Vizuri Kuliko Watoto

Sogea karibu, mwanangu, kuna asubuhi moja siisahau. Nilikuwa msichana, mpishi wa kituo cha kulelea watoto hapa Unyambwa, na nilijivunia uji wangu. Ulikuwa mweupe pe, umekolea sukari. Mahindi tuliyakoboa, pumba wakala kuku wa kituo. Mayai tuliwauzia wachuuzi. Wazazi walileta karanga za kutia kwenye uji, lakini kuzitwanga ni kazi, nikazirundika stoo. Mtoto akipewa kitamu halalamiki, basi nikajiona mpishi hodari.

Kulikuwa na Rehema, wa miaka miwili. Mama yake alimleta alfajiri na kumchukua jioni akiwa amelala, akiamini ameshiba. Mashavu yalimjaa. Nilimbeba nikiwaonyesha wageni, "Oneni anavyonenepa kwa uji wangu!"

Asubuhi hiyo alikuja bibi yake, aliyekuwa Shelui tangu mavuno.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Akampakata mjukuu, akambonyeza mguuni kwa kidole gumba, akakiondoa. Shimo likabaki palepale.

"Huyu hajanenepa, binti. Amevimba." Akazishika nywele za mtoto, nyepesi, zimegeuka rangi. Kisha akatazama uani. "Kuku wenu mnawapa nini?"

"Pumba, bibi, na mashudu ya alizeti."

"Ndiyo maana wanang'aa. Bora mngemfungia mjukuu wangu bandani."

Nilicheka, nikidhani ni utani. Yeye hakucheka.

Tulimkimbiza hospitali mjini siku ileile. Wauguzi walisema ni utapiamlo, wakajitahidi, lakini tulikuwa tumechelewa. Siku ya nne akafariki. Tulipotoka kuzika niliingia stoo, nikazikuta zile karanga. Zilikuwa zimeota ukungu.

Sikuwa na roho mbaya, mwanangu. Nilikuwa sijui, tena mvivu kidogo, na hayo mawili yalitosha. Wala usidhani chakula kizuri kinatoka mbali. Dona, maharage, karanga, mlenda, yai. Vyote viko hapa kwetu. Mtoto mdogo hawezi kukueleza alichokikosa, atakuambia tu kwamba uji ulikuwa mtamu. Ni juu yako kumuulizia.

Mungu akulindie wanao, wakue uwaone wakikimbia. Nawe kesho ukimpeleka mtoto kituoni, usiishie getini. Msalimie mpishi vizuri, ingia jikoni, funua sufuria, muulize ametia nini humo.