Njia Iliyokatwa Kwenye Migomba

Nilikuwa na leseni ya miezi minne na gari dogo la mtumba, ambalo mume wangu aliniachia alipohamishiwa kikazi Mwanza. Kwa gari hilo nilikwenda ofisini Rubwera na kurudi nyumbani Isingiro, njia ileile, mwendo uleule, na nikikutana na lori nilikuwa nasimama kabisa pembeni mpaka lipite. Mama mkwe, niliyekuwa naishi naye, hakuwahi kulipanda. Alikuwa akisema Mungu alimpa miguu ya kwendea kanisani, na siku ya kubebwa itakuja kwa wakati wake.

Ijumaa moja jioni ikanyesha mvua ya mawe. Nimezaliwa mkoa huu, mvua haijanitisha tangu utotoni, lakini ile ilikuja na upepo uliong'oa mabati ya jiko na kulaza migomba kama mtu anayelaza majani kwa kiganja. Tulikaa chumba kimoja, mama mkwe, mwanangu na mimi, tukisikiliza. Alfajiri ikakatika. Asubuhi tukatoka kuangalia, kisha tukarudi ndani kuchambua maharage tuliyokuwa tumeyawahi yasilowe.

Binti yangu alikuwa hajatimiza miaka miwili. Alikaa katikati yetu kwenye mkeka, akichota maharage na kuyamwaga. Bibi yake akamwigizia sauti ya kuku anayetafuta pa kutagia. Mtoto akacheka sana, na mdomo wake ulikuwa na maharage. Sikuwa nimeona. Kicheko kikakatika katikati.

Alikohoa mpaka macho yakatoka machozi na midomo ikabadilika rangi. Nilimwinamisha nikampiga mgongoni, yakatoka maharage mawili, akavuta pumzi. Nikashukuru. Kisha nikaisikia ile sauti. Kila alipovuta hewa, kooni mwake kulitoka mlio mwembamba kama wa filimbi inayopulizwa na mtu aliyechoka.

Zahanati haiko mbali. Muuguzi alimweka kifaa kifuani, akasikiliza huku na huku, na uso wake ukawa mtulivu kupita kiasi. Mimi ni mtumishi wa serikali, nawajua watumishi wanapotuliza nyuso.

"Kuna harage limebaki humo," akasema. "Mimi sina cha kulitolea. Mpelekeni hospitali kubwa, kule Karagwe. Msimlalishe. Msimpe maji wala kitu chochote mdomoni. Na msimpige tena mgongoni maadamu anapumua, lisije likahama. Mbembelezeni asilie."

"Gari la wagonjwa?"

"Nimepiga. Liko ng'ambo ya mto, limemshusha mgonjwa jana. Wanasema daraja lina shida."

Kwamba lina shida ndivyo alivyosema. Tulipofika mtoni hapakuwa na daraja la kuwa na shida. Palikuwa na barabara inayokwenda vizuri, kisha hewa, kisha maji mekundu yanayopita kwa kasi yakibeba magogo na migomba mizima na mikungu yake. Chuma kimoja cha ukingo kilikuwa kimebaki upande wetu, kimejikunja kuelekea chini. Watu walisimama kila upande wakitazamana. Kipande kingine cha udongo kilimeguka mbele yetu, watu wakarudi nyuma hatua tatu kwa pamoja, na mimi nikarudi nyuma na gari nikagonga pikipiki iliyokuwa imesimama nyuma yangu.

Mwenye pikipiki, mtu mzima mwenye koti la mvua la kijani, alikuja dirishani akiwa na maneno tayari mdomoni. Akamwona mtoto mapajani mwa bibi yake, akasikia filimbi. Maneno yakabadilika.

"Shikamoo mama," akamwambia mama mkwe. Kwangu akasema, "Mnakwenda hospitali?"

Nikamwambia kila kitu kwa pumzi moja. Nikamwuliza kuhusu kuzungukia Rubwera.

"Usihangaike huko. Nimeongea na wenzangu sasa hivi. Lori limelala katikati ya mteremko, hata pikipiki zinapitishwa kwa kubebwa."

Mama mkwe akasema, "Basi mchukue wewe na mama yake kwenye pikipiki yako, mpite hukohuko."

Yule bwana akainua mguu wake. Suruali ilikuwa imechanika gotini na damu imechanganyika na tope. "Nimeanguka mara mbili tangu asubuhi, mama. Nikianguka peke yangu ni sawa. Na huyu, hapana." Akatazama milima. "Ipo njia ya zamani. Inapanda hapo juu, inapita kwenye vibanja vya migomba, inashuka bondeni mpaka kwenye daraja la magogo, halafu mnatokea Bweranyange. Gari dogo linaweza. Sijui leo, lakini linaweza. Nitatangulia. Nikisimama, simama. Nikikupungia mkono, njoo."

Ningependa kusema nilikuwa jasiri. Niliachia klachi vibaya, gari likazima mara tatu kabla hatujaondoka pale mtoni, mbele ya watu wote.

Njia ile ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya miguu na ng'ombe. Upande wa kushoto ukuta wa udongo ulikuwa ukitiririka maji, na upande wa kulia niliona vilele vya mikaratusi. Vilele, si mashina. Nilikwenda kwa gia ya kwanza, pua karibu kugusa kioo, nikiangalia taa nyekundu ya pikipiki. Nyuma mama mkwe alikuwa amemshika mtoto wima kifuani, akisali kwa Kinyambo, sauti ya chini isiyopanda wala kushuka. Kila tairi lilipoteleza alikatisha sala akasema, "Mpora, mwanangu, mpora," polepole, kama vile nilikuwa na uwezo wa kwenda haraka.

Kati ya sala na injini nilikuwa nikisikiliza filimbi. Niliichukia sauti ile. Nilitamani inyamaze.

Tukiwa karibu kufika juu, ikanyamaza.

Nilikanyaga breki, gari likateleza kidogo kuelekea kwenye vile vilele, likasimama. Nikageuka. Mwanangu alikuwa ametoa macho, kifua kinavutwa ndani mpaka mbavu zinaonekana kupitia nguo, na hapakuwa na sauti yoyote. Mama mkwe alikuwa ameacha kusali.

Sijui ilikuwa muda gani. Najua nilifungua mlango na mguu wangu haukukuta ardhi, nikaurudisha ndani. Najua nilitambaa katikati ya viti. Najua mama mkwe aliniita kwa jina nililopewa na wazazi wangu, ambalo hajawahi kulitumia, akasema, "Mwinamishe! Sasa mpige!" Tukamwinamisha juu ya goti lake, nikampiga kwa kisigino cha kiganja, mara moja, mbili, tatu, nne. Akakohoa. Filimbi ikarudi, nyembamba zaidi kuliko mwanzo, na mimi nikalia kwa furaha ya kuisikia.

"Endesha," mama mkwe akasema. "Utalia kesho."

Juu ya mlima njia ilikwisha. Mvua ilikuwa imechimba korongo katikati, refu kunizidi kimo, na chini yake maji bado yanapita. Yule bwana wa pikipiki alikuwa amesimama ukingoni, kofia ngumu mkononi. Kushoto ulikuwa ukuta wa udongo uleule. Kulia kilikuwa kibanja cha mtu: migomba iliyosimama kwa mistari, kahawa katikati yake, matandazo mazuri ya nyasi chini, na nyumba ya bati kwa mbali. Upepo haukukigusa. Mlima mmoja unalazwa, wa jirani unaachwa.

Akatoka mzee kidogo, mwembamba, na muhoro mkononi, lile panga lililojikunja ncha. Nilishuka nikamwamkia. Kiswahili chake kilikuwa cha watu waliotoka Burundi zamani. Nilikuwa nimewazoea ofisini.

"Mnatafuta nini huku na gari?"

Nikamwonyesha mtoto. Hakuuliza la pili. Aligeuka akakitazama kibanja chake, kutoka mwisho hadi mwisho, kama mtu anayepima kwa macho. Nikaelewa anachopima, maana kazi yangu ni kilimo. Najua mgomba wenye mkungu unachukua muda gani. Najua mtu wa kibanja kimoja anakula nini.

"Utapita hapa," akasema, na kukata mgomba wa kwanza.

Alikata kwa pigo moja moja, kwenda chini. Mkewe akatoka nje akipiga yowe, akiuliza kama amerukwa na akili, mikungu ya sherehe ya kumpokea mchumba wa binti yao ilikuwa palepale. Mumewe akajibu kwa Kirundi maneno machache. Mama yule akaja mpaka kwenye gari, akamtazama mtoto, akashika kichwa. Kisha akaanza kuvuta migomba iliyoanguka na kuilaza kwenye tope, kipande baada ya kipande, ili tairi zipate pa kukanyaga. Yule wa pikipiki akamsaidia. Nami nilisaidia mpaka mama mkwe akapaza sauti nirudi kwenye usukani.

Nilipita juu ya migomba yao. Nilisikia mashina yakipasuka chini ya gari, maji yake yakaruka mpaka kwenye kioo. Mti mmoja wa kahawa niliuangusha kwa bampa. Walisukuma wote watatu, na tulipotoka upande wa pili wa korongo nilitaka kusimama niwashukuru. Mzee akapiga bati la gari kwa kiganja. "Nenda! Nenda!"

Bondeni maji yalikuwa yametulia zaidi kwa sababu bonde ni pana, lakini yalikuwa yanagusa magogo. Magogo yenyewe yalikuwa sita, yamelala sambamba, yamefunikwa udongo ambao sasa haukuwepo. Yule bwana alivuka kwa miguu kwanza, akirukaruka katikati kuyajaribu. Moja lilicheza.

Mama mkwe akafungua mlango. "Mimi na mtoto tunavuka kwa miguu."

"Na mimi?"

"Wewe vuka na gari. Huko mbele bado ni mbali."

Alimfunga mjukuu wake kifuani kwa kanga, wima, akavua viatu, akapita juu ya magogo yale kwa nyayo zake huku yule bwana amemshika kiwiko. Walipofika ng'ambo nikabaki peke yangu. Kwa muda nilifikiri jambo ambalo sijamwambia mtu: kwamba sasa mtoto ameshavuka, wataweza kutafuta msaada mwingine, na mimi ninaweza kuzima injini na kukaa hapa. Nilikuwa nimeloa jasho na, niseme tu, si jasho peke yake. Kisha upepo ukaleta filimbi kutoka ng'ambo, nikaachia klachi.

Gogo lile lililocheza lilizunguka chini ya tairi la nyuma. Gari lilishuka upande mmoja kwa kishindo, nikaona maji dirishani, nikakanyaga mafuta kwa nguvu ambayo mwalimu wangu wa udereva angenifokea. Lilinguruma, likaruka, likasimama kwenye nyasi ng'ambo likiwa limezima.

Baada ya hapo palikuwa na barabara. Yule bwana alirudi kuivusha pikipiki yake, akatutangulia mpaka Bweranyange, akasimama njia panda, akatupungia mkono tupite. Nilipotazama kwenye kioo alikuwa akiinama kuangalia goti lake.

Hospitalini walikuwa wanatungoja, muuguzi wa zahanati alikuwa amepiga simu. Walimchukua kutoka kwa bibi yake na mlango ukafungwa. Tulikaa kwenye benchi. Mama mkwe alikuwa bado hana viatu. Vilibaki kule kwenye magogo. Nilikuwa nikisikiliza kupitia mlango na sikusikia filimbi, na safari hii sikuweza kuinuka.

Daktari alipotoka alikuwa na kibakuli kidogo cha chuma. Harage lilikuwa limevimba, ganda limepasuka. "Lilikuwa limekaa juu, bahati yenu," akasema. "Lingeshuka, ningewapeleka mbali. Mtoto anapumua. Nendeni mkamwone."

Nilisimama, kisha nikakaa sakafuni. Mama mkwe aliniacha palepale akaingia.

Daraja la muda lilichukua wiki kadhaa, nasi tulilisubiri ng'ambo. Lilipofunguka, nilikwenda na mama mkwe na mtoto kumwona yule mzee wa kibanja. Nilikuwa nimebeba miche ya migomba kwenye buti, iliyo safi, niliyoichagua mwenyewe. Mkewe alitupokea kwa kahawa ya kutafuna, tukakaa. Sherehe ilikwisha vizuri, alisema, ila wageni walikula viazi vingi kuliko ndizi na bado anawaonea aibu.

Nikamwuliza mzee kwa nini hakusita siku ile.

"Nilisita," akasema. "Hukuona? Nilitafuta upande wenye mikungu michache."

Mkewe akacheka, mama mkwe akacheka, mimi nilishindwa. Mwanangu alikuwa ameshuka mapajani mwangu na kwenda kwenye uwazi uliobaki kati ya mistari. Machipukizi yalikuwa yameshafika magotini mwake. Alijikwaa akaanguka kifudifudi kwenye matandazo, na katika ule muda mfupi kabla hajalia, mimi nilikuwa nimeshasimama.