Kimashine Kisicho na Kioo

Mwaka 2012 nilikuwa fundi wa kompyuta hapa Lodwar, na nilijiona hakuna kinachonishinda. Siku moja akaja Mzee Bahati, mkimbizi Mkongo asiyeona, akiongozwa na dada yake kutoka Kakuma. Alinipa kimashine cha kuandikia cha wasioona. Kina vitufe saba, hakina kioo, na husoma kwa sauti yaliyoandikwa. Kilikuwa kimegoma kusema.

"Fundi, humu muko maneno ya bibi yangu, mama ya watoto wangu. Alinieleza safari yetu yote mbele ya kufa, nikaandika."

Sikuwahi kuona kifaa kama hicho. Badala ya kukiri, nikawatuma wakanywe chai. Nikabonyeza vitufe ovyo, mwishowe vyote kwa pamoja, kikaanza kusema. Nikajipigia makofi kama mjinga.

Waliporudi nikatangaza mbele ya wateja, "Mzee, kimepona!"

Akakipakata, akabonyeza. Sauti ikasema kwa Kiingereza kwamba hakuna faili hata moja. Akabonyeza tena, ikarudia yaleyale. Ndipo nikatambua kwamba nilipobonyeza vitufe vyote kwa pamoja nilifuta kila kitu.

"Fundi," akaniuliza polepole, "bibi yangu ulimupeleka wapi?"