Mguu wa Bi Hợi

Bi Hợi hajui kutulia. Miaka ishirini na minane alitembea kati ya mitambo ya kufumia katika kiwanda cha nguo hapa Nam Định, akifukuzana na nyuzi zinazokatika, na alipostaafu miguu yake haikupata habari. Chai anainywa amesimama. Msibani, wenzake wakikaa kulia, yeye anapanga viatu vya wageni. Mahali pekee alipoweza kukaa robo saa nzima bila kuinuka ni kwenye kigoda cha plastiki pale kwa Thuấn, muuza supu, mbele ya bakuli la phở: tambi za mchele, mchuzi wa mifupa uliochemka usiku kucha, na nyama ya ng'ombe iliyopondwa kwa ubapa wa kisu pamoja na tangawizi. Hapo hata sura yake ilikuwa inalainika.

Ila hakuwahi kuingia wa kwanza. Mteja wa kwanza ndiye anayefungua siku, kila muuzaji analijua hilo, na akiwa na kisirani siku yote imekwenda na maji. Miaka kumi na moja nyuma, wakati baba yake Thuấn bado yu hai na ndiye anayeshika upawa, Bi Hợi alifungua siku pale, akala, akaondoka. Njiani akakumbuka kofia yake. Aliporudi alimkuta mzee kizingitini amewasha gazeti, analipunga moto huku na huku kuifukuza nuksi iliyoachwa na mteja wake. Kofia aliiacha hukohuko. Aliumia, tena sana, na hakumwambia mtu. Tangu siku hiyo akifika mapema anasimama ng'ambo ya barabara, anajifanya anasoma matangazo ya fundi mabomba, mpaka atangulie mwingine.

Leo alifika saa kumi na moja na nusu alfajiri, juu ya bodaboda ya Khoát, na sanduku limefungwa kwa kamba. Treni yake ya kusini ilikuwa inaondoka saa kumi na mbili na dakika ishirini. Mwanawe kule amepata mapacha, akapiga simu: mama, njoo ukae nasi. Habari ya kurudi haikutajwa. Basi Bi Hợi alitaka bakuli moja tu la kuagia, akae kitako mara ya mwisho kabla ya safari ya siku nzima na nusu.

Dukani hamkuwa na mtu. Mvua ilikuwa inanyunya, na juu ya hayo ilikuwa siku ya kwanza ya mwezi mwandamo, ambayo nusu ya mtaa, kwa ibada, haigusi nyama. Siku hiyohiyo ndiyo mbaya kuliko zote kuingia na mguu wake wa nuksi, kwa sababu anayeifungua anafungua mwezi mzima.

Alisoma tangazo la fundi mabomba. Akatembea mpaka kwenye nguzo ya umeme, akarudi. Akalisoma tena.

"Khoát, mwanangu," akasema, "nenda kale bakuli moja. Nalipa mimi."

"Mama, leo mwezi mosi. Nakula majani."

"Wewe? Umeanza lini uchamungu? Jana si ulikuwa unatafuna mguu wa bata?"

"Jana si haikuwa mwezi mosi! Mke wangu akinisikia nanuka ng'ombe, leo nalala nje."

"Ingia basi ukae tu, unywe chai."

"Chai si kufungua siku, mama. Unamdanganya nani?"

Bi Hợi alidhani siri yake haijulikani, kumbe hata mwendesha bodaboda anaijua. Akaenda kwenye nguzo. Wakapita wasichana wawili chini ya mwavuli mmoja, akawakazia macho kama anayewavuta kwa kamba, wakapita zao. Saa ikagonga kumi na mbili kasorobo. Ikafika kasoro dakika tano. Akajionea aibu, mtu mzima kulilia supu.

"Twende," akamwambia Khoát, akapanda.

"Shangazi Hợi!"

Ni Thuấn, amesimama mlangoni, upawa mkononi. "Unakwenda wapi na sanduku? Hujala!"

"Nakwenda kwa mwanangu. Sijui narudi lini. Nitakula huko."

"Huko? Supu yao wanatia sukari! Ingia!"

"Siingii, Thuấn. Marehemu baba yako aliujua mguu wangu. Leo mwezi mosi, na wewe una watoto."

Thuấn hakumwambia kwamba hayo ni maneno tu. Muuza supu gani atasema hivyo? Alitazama barabara juu, akaitazama chini, haikuwa na mtu. Ukweli ni kwamba aliogopa, na ilionekana. Halafu akampa mkewe upawa, akavua aproni, akatoka nje mvuani hatua kumi, akageuka, akaingia katika duka lake mwenyewe.

"Mama mwenye duka," akamwambia mkewe, "nipe la kawaida, vitunguu vingi."

Mkewe alimkodolea macho, kisha akaelewa, akamchotea. Thuấn akakaa kwenye kigoda, akatoa noti mfukoni, akamlipa kabisa, akala tambi vijiko vitatu huku anajipigia makelele ya kusifu. Khoát alicheka nusura aangushe pikipiki.

"Haya, siku imefunguka," Thuấn akapaza sauti. "Shangazi, wewe ni wa pili. Upesi, treni haina mjomba!"

Bi Hợi aliingia. Alikaa. Dakika kumi nzima hakuinua hata kisigino, na machozi aliyasingizia pilipili.

Alipopanda tena bodaboda, alimwambia Khoát aende taratibu. Hakutaka kugeuka, lakini shingo haikumsikiliza: ilimbidi atazame kizingiti, aone kama kuna moshi. Thuấn alikuwa amesimama palepale mlangoni. Alijua anatazamwa na alijua kwa nini. Akainua mikono yote miwili juu, viganja wazi, amwonyeshe kwamba hana gazeti wala kiberiti, na hakuishusha mpaka bodaboda ikakata kona.